Pointi Nne: Habari za Lucas Mazur, Mchezaji wa Vinyoya wa Ufaransa

(Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Mzungumzaji ni Ofisa Elimu. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosomwa, ili wanafunzi wapate kuyasoma tena darasani.)

Leo tutasoma, na tena tutafanya hesabu. Kwa hiyo kila mmoja awe na kalamu na karatasi tayari. Mwenye penseli fupi asione haya, maana penseli fupi huandika sawasawa na ndefu.

Somo letu la leo ni habari za mtu mmoja wa Ufaransa. Jina lake ni Lucas Mazur. Alizaliwa mwaka 1997. Kazi yake ni kucheza mchezo uitwao badminton, ambao kwa Kiswahili twauita mpira wa vinyoya. Mtu huyu ana ulemavu wa mguu. Hata hivyo mwaka 2021 alipata medali ya dhahabu katika mashindano makubwa kupita yote ya watu wenye ulemavu, na mwaka 2024 akaipata tena.

Huenda mmoja wenu anajiuliza, "Habari za mchezo wa Wafaransa zanihusu nini mimi, mkulima, au mimi, mama wa watoto watano?" Swali hilo ni zuri. Liweke moyoni, nawe usikilize mpaka mwisho.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza tuujue mchezo. Katika mpira wa vinyoya hakuna mpira wa duara. Kinachopigwa ni kinyoya. Kinyoya hicho kina kichwa kidogo cha mviringo, na juu ya kichwa hicho yamechomekwa manyoya 16, ya bata au ya bata bukini. Uzito wake ni kati ya gramu 4.74 na gramu 5.50, yaani karibu sawa na karatasi moja ya kuandikia barua. Wachezaji hukipiga kwa raketi juu ya wavu. Kikianguka chini upande wako ndani ya mistari, mwenzako amepata pointi. Ukikipiga kikatoka nje ya mistari, au kikanasa wavuni, pia mwenzako amepata pointi.

Kwa sababu kinyoya ni chepesi, upepo mdogo tu hukipeperusha. Ndiyo maana mashindano makubwa huchezwa ndani ya jumba. Na kwa sababu kina manyoya, hewa hukizuia. Hutoka kwenye raketi kwa kasi kubwa sana, kisha mwendo wake hupungua ghafula na kikaanguka. Basi mchezaji hana budi kupima vizuri. Akipiga kwa nguvu bila akili, kinyoya kitatoka nje. Akipiga kwa akili bila nguvu, hakitavuka.

Uwanja wote una urefu wa meta 13.40. Wakicheza watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, upana wake ni meta 5.18. Wavu huukata uwanja katikati, basi kila mtu analinda urefu wa meta 6.70. Mwalimu wenu anaweza kuwatoeni nje mpime uwanja huo kwa kamba. Mkimaliza, simama katikati yake, ukimbie mpaka mstari wa nyuma, urudi mpaka penye wavu, kisha uende pembeni, tena upande wa pili. Fanya hivyo mara 20 bila kupumzika. Ndipo utakapojua kwamba mchezo huu, ijapokuwa raketi hushikwa kwa mkono, ni mchezo wa miguu.

Na hapo ndipo penye neno. Mchezaji hodari humtazama mwenzake aone udhaifu wake uko wapi. Humpeleka nyuma, humrudisha mbele, humvuta kushoto, humvuta kulia. Mwenye mguu mzito atachelewa. Je, mtu mwenye ulemavu wa mguu atauwezaje mchezo kama huu?

MIZANI ILIYO SAWA

Jibu la kwanza ni mizani. Ninyi mnaouza pamba, kahawa au korosho mnajua maana ya mizani. Mizani ikiwa mbovu, mkulima hodari na mkulima mvivu hawajulikani. Mizani ikiwa sawa, kila mtu huonekana kwa kazi yake.

Katika mashindano ya watu wenye ulemavu mizani yao ni kuwapanga wachezaji kwa madaraja. Kabla mtu hajacheza, wataalamu humkagua mwili wake waone ulemavu wake ni wa namna gani, na unamzuia kiasi gani. Katika mpira wa vinyoya madaraja ni sita. Mawili ni ya wanaocheza katika viti vya magurudumu. Mawili ni ya wenye ulemavu wa miguu wanaocheza wakiwa wamesimama. Moja ni la wenye ulemavu wa mkono. La sita ni la watu wafupi sana kwa maumbile.

Daraja la Mazur huandikwa hivi: SL4. Liandikeni. Herufi hizo mbili zimetoka katika maneno ya Kiingereza yenye maana ya kusimama na viungo vya chini. Walio katika daraja la SL3 wameathirika zaidi miguuni, basi wakicheza mmoja kwa mmoja hutumia nusu ya uwanja. Walio katika SL4 huutumia uwanja wote, meta zile zile tulizozipima. Basi hakuna aliyempunguzia Mazur uwanja. Ila anayesimama mbele yake ng'ambo ya wavu naye ana ulemavu wa miguu wa daraja lile lile.

Hebu lifikirieni jambo hilo. Mpangilio huu haumpi mtu ushindi. Humpa nafasi ya kupimwa kwa haki tu. Ushindi autafute mwenyewe.

TOKYO, MWAKA 2021

Michezo mikubwa ya watu wenye ulemavu huitwa Paralimpiki. Hufanywa kila baada ya miaka minne, mara tu baada ya Olimpiki. Mpira wa vinyoya uliingia katika Olimpiki mwaka 1992, huko Barcelona, Hispania. Lakini katika Paralimpiki ulichelewa sana kuingia. Ulichezwa huko mara ya kwanza katika mji wa Tokyo, Japani. Michezo hiyo ilikuwa ya mwaka 2020, ikaahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ikafanywa mwaka 2021. Watazamaji wa kawaida hawakuruhusiwa kuingia. Wachezaji walicheza katika majumba makubwa yenye viti vitupu.

Mazur alifika Tokyo akiwa na miaka 23. Tayari alikuwa na jina kubwa, maana mwaka 2019 alikuwa bingwa wa dunia wa daraja lake huko Basel, Uswisi. Watu walimtazamia ashinde. Na mtu anayetazamiwa ashinde ana mzigo wake, kama vile mtoto wa fundi anayetazamiwa ajue useremala kabla hajashika randa.

Sasa shikeni kalamu. Katika mchezo huu mchezaji hutakiwa kushinda seti mbili. Seti moja huisha mmoja akifika pointi 21. Ikiwa wote wana 20, hapana budi mmoja amzidi mwenzake kwa pointi mbili, wala seti haipiti pointi 30. Kila mmoja akishinda seti moja, huchezwa seti ya tatu.

Katika mechi za makundi Mazur alikutana na Mhindi mmoja, jina lake Suhas Yathiraj. Mazur alishinda kwa urahisi. Seti ya kwanza ilikuwa 21 kwa 15. Seti ya pili ilikuwa 21 kwa 3. Jumlisheni: Mazur alipata pointi 42, Suhas alipata 18. Tofauti ni 24. Mtu angeweza kusema kwamba mambo yamekwisha, Mhindi huyu si kitu.

Katika nusu fainali Mazur alikutana na Mhindi mwingine, Tarun Dhillon. Safari hii alipata taabu. Alishinda seti ya kwanza 21 kwa 16. Akashindwa ya pili 16 kwa 21. Akashinda ya tatu 21 kwa 18. Jumlisheni tena: Mazur 58, Dhillon 55. Tofauti ni pointi tatu tu.

Ikafika tarehe 5 Septemba, 2021, siku ya fainali. Aliyesimama ng'ambo ya wavu alikuwa nani? Alikuwa Suhas Yathiraj, yule yule aliyepata pointi 3 katika seti nzima siku za nyuma. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Suhas alishinda seti ya kwanza, 21 kwa 15.

Basi mtazame Mazur wakati ule. Jumba li tupu, hapana sauti ya watu wake wa kumtia moyo. Yeye ndiye aliyetazamiwa kushinda, naye yu nyuma kwa seti moja. Akishindwa moja tena, dhahabu imekwenda, na kuipata nyingine ni kungoja miaka mitatu. Kitu gani kingeweza kumsaidia? Ubingwa wa Basel usingempa hata pointi moja. Wala zile 21 kwa 3 za siku za nyuma zisingempa. Ubao wa mwamuzi husoma sifuri kwa sifuri kila seti inapoanza.

Alishinda seti ya pili 21 kwa 17. Akashinda seti ya tatu 21 kwa 15. Mechi ilichukua dakika 62. Mfaransa akapata dhahabu, Mhindi akapata fedha.

HESABU YA POINTI NNE

Sasa andikeni hesabu hii polepole. Mazur: 15, na 21, na 21. Jumla 57. Suhas: 21, na 17, na 15. Jumla 53. Pointi zote zilizochezwa ni 110. Toa 53 katika 57. Inabaki nne.

Pointi nne kati ya 110! Mwamuzi hahesabu hivyo, yeye huhesabu seti. Lakini sisi tunahesabu hivyo ili tujifunze jambo. Watu wakisikia neno bingwa hudhani ni mtu aliye mbali sana na wenzake, kama mlima na kichuguu. Hesabu inasema sivyo. Katika dakika zaidi ya 60 watu wawili hawa walikwenda bega kwa bega, na kilichowatenga ni vitu vidogo vinne. Haba na haba hujaza kibaba, na mara nyingine kibaba chenyewe hujazwa na punje nne za mwisho.

Msisahau kwamba siku hiyo hiyo Mazur alikuwa na fainali nyingine. Alicheza pamoja na mwanamke wa Ufaransa, Faustine Noël, katika mchezo wa wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Walishindwa na Waindonesia, Hary Susanto na Leani Ratri Oktila, 21 kwa 23 na 17 kwa 21. Basi siku moja Mazur alipata dhahabu na fedha, ushindi na kushindwa. Wakimwita bingwa, ni bingwa. Lakini ni bingwa aliyelala usiku ule akijua pia ladha ya kushindwa.

MTU WA NG'AMBO YA WAVU

Haitakuwa haki kumsifu mshindi na kumwacha mshindani. Tena kwa ninyi mliomo darasani, huenda mshindani huyu ndiye ndugu yenu wa karibu zaidi.

Suhas Yathiraj hakuwa mchezaji wa kazi. Alikuwa mtumishi wa serikali ya India. Wakati wa michezo ya Tokyo alikuwa mkuu wa wilaya ya Gautam Buddha Nagar, karibu na Delhi. Huo ulikuwa wakati wa korona, na ninyi mnajua kazi ya mkuu wa wilaya wakati wa maradhi haina mchana wala usiku. Alizaliwa mwaka 1983. Mashindano yake ya kwanza makubwa ya nchi za nje yalikuwa ya ubingwa wa Asia huko Beijing, China, mwaka 2016, naye akayashinda. Toeni 1983 katika 2016. Alikuwa na miaka 33. Mazur kwa umri huo wa 33 hajafika hata alipokuwa na dhahabu mbili!

Kwa hiyo katika fainali ya Tokyo kijana wa miaka 23 alishindana na baba wa miaka 38. Zilizowatenga ni pointi nne. Na baada ya kushindwa Suhas hakutundika raketi ukutani. Mwaka 2023 alipata dhahabu katika michezo ya Asia ya watu wenye ulemavu, huko Hangzhou, China. Mwezi Februari mwaka 2024, huko Pattaya, Thailand, akawa bingwa wa dunia. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Suhas alikubali, kisha akaanza tena.

PARIS, MWAKA 2024

Paralimpiki iliyofuata ilifanywa Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Mara hii majumba yalikuwa wazi kwa watu. Tarehe 2 Septemba, 2024, katika jumba la Porte de la Chapelle, walikutana tena fainali wale wale wawili: Lucas Mazur wa Ufaransa, miaka 26, na Suhas Yathiraj wa India, miaka 41.

Mambo yalikuwa yamegeuka. Bingwa wa dunia sasa alikuwa Suhas. Mazur alikuwa na dhahabu ya miaka mitatu nyuma, na dhahabu ya zamani haichezi. Ni kweli kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini kwao pia ndiko aibu iliko. Ukianguka ugenini, utarudi nyumbani usimulie upendavyo. Ukianguka kwenu, wote wamekuona.

Seti ya kwanza: Mazur 21, Suhas 9. Seti ya pili: Mazur 21, Suhas 13. Hakukuwa na seti ya tatu.

Jumlisheni. Mazur 42, Suhas 22. Tofauti ni 20. Mwaka 2021 tofauti ilikuwa nne, mwaka 2024 ikawa 20, na safari hii aliyeshindwa alikuwa ndiye bingwa wa dunia. Mtu aliyeponea chupuchupu mara ya kwanza angeweza kusema, "Nimeshinda, yatosha." Pointi hizi 20 zinaonyesha kwamba Mazur hakusema hivyo.

Katika michezo hiyo hiyo Mfaransa mwingine, Charles Noakes, alipata dhahabu ya mpira wa vinyoya katika daraja la watu wafupi kwa maumbile. Alimshinda Mwingereza Krysten Coombs katika fainali. Basi jumba moja liliwashangilia watu wawili ambao, kama wangezaliwa zamani, huenda wangefichwa nyumbani.

NENO KIWETE

Sasa tuingie katika lugha yetu, maana darasa letu ni la kusoma na kuandika. Tazameni maneno haya: kiwete, kipofu, kiziwi. Yote yanaanza kwa ki-, kama kiti, kisu na kikapu. Twasema "kiti kimevunjika", "kisu kimepotea". Je, twasema "kiwete kimefika"? La, hasha. Twasema "kiwete amefika". Twasema "kiziwi huyu", hatusemi "kiziwi hiki". Ijapokuwa jina lina umbo la kitu, kitendo chake ni cha mtu. Lugha yenyewe imekataa kumfanya mtu kuwa kitu. Na siku hizi twasema vizuri zaidi, "mtu mwenye ulemavu": tunaanza kwa mtu, ndipo tunataja ulemavu.

Lakini ulimi ukisema sawa, mikono nayo ifanye sawa. Je, katika mtaa wako hakuna mtoto ambaye hakupelekwa shule kwa sababu ya mguu wake, au macho yake, au masikio yake? Je, hakuna mtu mzima ambaye hakualikwa katika darasa hili kwa sababu tulidhani hataweza kufika? Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Aliye mzima leo hajui kesho.

Sisemi kila mtoto mwenye ulemavu atapata medali. Huo ungekuwa uongo, maana hata watoto wenye miguu yao miwili mizima hawapati medali wote. Nasema hivi: hatuwezi kujua mtu ana uzito gani kabla hatujampandisha katika mizani. Mazur alipandishwa. Noakes alipandishwa. Suhas alipandishwa, tena akiwa mtu mzima mwenye kazi nzito. Aliyefungiwa nyumbani hajapimwa bado, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kusema kwamba hana uzito.

Wala msidhani mambo haya ni ya Ulaya na Asia tu. Hapa kwetu Afrika Mashariki, mji wa Kampala, Uganda, umekuwa mwenyeji wa mashindano ya kimataifa ya mpira wa vinyoya ya watu wenye ulemavu. Wachezaji wa nchi nyingi wamesafiri mpaka Kampala kuja kucheza.

KWA NINYI MLIOMO DARASANI

Sasa lile swali mliloliweka moyoni: habari hizi zanihusu nini mimi?

Wewe uliyeanza kusoma ukiwa na miaka 30, au 40, au 60, unajua maneno ya watu. "Mtu mzima hovyo, anakwenda shule kama mtoto!" Labda mume wako amekucheka, au mjukuu wako anasoma upesi kuliko wewe. Labda jana ulisoma ukurasa mzima, na leo neno moja limekushinda. Hiyo ndiyo seti ya kwanza, umeipoteza 15 kwa 21. Je, uondoke uwanjani? Kumbuka ubao wa mwamuzi: seti mpya huanza sifuri kwa sifuri.

Wala usitafute pointi 20 kwa siku moja. Tafuta nne. Maneno manne mapya leo, manne kesho. Kwa juma la siku sita yatakuwa 24. Hesabu mwenyewe yatakuwa mangapi kwa majuma manne. Mtu asomaye barua yake mwenyewe, asiyehitaji jirani amsomee siri za nyumba yake, na mkulima asomaye mwenyewe uzito ulioandikwa katika stakabadhi yake, hao wamepata medali ambayo haivaliwi shingoni lakini hawezi mtu kuwanyang'anya.

Na ukitoka hapa leo, pita kwa yule jirani ambaye hajaalikwa. Mwambie darasa ni siku gani na saa ngapi. Ikiwa hawezi kutembea, ulizeni pamoja nani ana baiskeli.

Ndugu zangu, muda wetu umekwisha. Sasa mwalimu wenu atawaongoza katika maswali. Kwaherini, na mfanye kazi njema.

MANENO YA KUKUMBUKA

Daraja: kundi la watu waliopangwa pamoja kwa kipimo kimoja.
Fainali: mechi ya mwisho ya kumpata mshindi.
Mshindani: mtu unayeshindana naye. Si adui.
Mwamuzi: mtu anayesimamia mchezo na kuhesabu pointi.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba umepokea au umelipa kitu.

MASWALI

1. Kinyoya kina manyoya mangapi? Kwa nini mashindano makubwa huchezwa ndani ya jumba?
2. Mazur alizaliwa mwaka 1997. Katika mwaka 2040 atatimiza miaka mingapi?
3. Andika pointi za fainali ya Tokyo na fainali ya Paris. Katika mechi ipi zilichezwa pointi nyingi zaidi? Zilizidi kwa ngapi?
4. Sahihisha sentensi hii: "Kiziwi hiki kimekuja darasani."
5. Eleza kwa maneno yako maana ya methali "Mdharau mwiba mguu huota tende." Nani katika somo hili alikuwa mwiba?
6. Mazungumzo ya darasa: Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani ambaye bado hajapandishwa katika mizani? Sisi wenyewe tufanye nini kabla ya somo lijalo?